Tope la Pasaka

Pasaka ya 1966 ilinikuta Korogwe, nikiwa na miaka 12, nimesimama gizani kando ya barabara na taa ya chemli mkononi. Masika yalikuwa yameshika kweli kweli. Baba, aliyekuwa dereva wa lori la shamba la mkonge, aliniamsha usiku wa manane kwa neno moja tu: "Wanapita." Sikuuliza ni akina nani. Kila mtoto wa Korogwe alijua ni akina nani hupita usiku wa Pasaka.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mlio ulianza mbali, ukapotea, ukarudi umenenepa. Kisha taa zikachomoza kwenye mistari ya mkonge, na gari la kwanza likapita likituachia tope usoni. La pili likafanya vilevile. Sikumbuki lilikuwa la ngapi lile lililozama. Lilikata kona, magurudumu ya nyuma yakateleza hadi mferejini, likalala kiubavu huku injini ikinguruma bila faida. Tuliteremka watu kama ishirini. Baba akanionyesha pa kuweka bega. "Hapa. Usisimame nyuma ya gurudumu." Tukasukuma kwa pamoja, tukapumua, tukasukuma tena. Lilichomoka kwa ghafla nami nikaanguka kifudifudi. Yule wa kiti cha pembeni akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Ahsanteni sana!", na taa zao nyekundu zikamezwa na mvua.

Baba aliniinua, akanifuta macho kwa pindo la shati lake. "Sasa na wewe umo," alisema.

Leo mimi ni fundi magari, na gereji yangu iko hapa Makanyagio, mjini Mpanda. Jina la kata yetu nalipenda kwa sababu za kazi: kwa fundi, makanyagio ni klachi, breki na mafuta, vitu vitatu ambavyo mguu wa dereva lazima uvijue hata gizani. Vijana ninaowafundisha hutazama Safari Rally kwenye simu zao, magari yakitimua vumbi kule Naivasha, nao huniambia kwa uhakika kabisa kwamba hayo ni mashindano ya Wakenya. Siwalaumu. Mashindano hayo yaliacha kupita nchini kwetu kabla hata wazazi wao hawajaoana. Lakini tope nililolimeza usiku ule lilikuwa la Tanzania, na mabega yaliyolitoa gari lile yalikuwa ya Tanzania. Historia hii ni yetu pia, na naiandika kama nilivyoijua: nikianzia kwenye magurudumu, kisha nipande kwa waliokaa ndani.

Mwanzo wake ulikuwa sherehe ya watu wengine. Mwaka 1953 Uingereza ilikuwa inajiandaa kumtawaza Malkia Elizabeth wa Pili, na walowezi wa Nairobi wakataka kuadhimisha siku hiyo kwa namna yao. Eric Cecil, mpenzi wa mbio za magari, alikuwa na binamu aliyeitwa Neil Vincent. Huyu Vincent alikuwa amechoshwa na mbio za kuzunguka uwanja mmoja siku nzima, mtu akirudi palepale alipoanzia. Alitaka njia ndefu: ufunge mlango wa gari, uvuke nusu ya Afrika ya Mashariki, kisha atakayefika ndiye ahesabiwe. Wazo hilo likazaa Coronation Safari, yaani Safari ya Kutawazwa, iliyoendeshwa kuanzia tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni 1953 ndani ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Kesho yake Malkia akavikwa taji kule London.

Wakati huo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Vijana wa Kikuyu walikuwa misituni wakidai ardhi yao, na wenzao walikuwa kizuizini. Katika nchi hiyohiyo, mwaka huohuo, watu walichora njia ya kwenda kuchezea magari. Nalisema hili kwa sababu mchezo ninaoupenda ulizaliwa katika nyumba yenye dhuluma, na mtu anayekipenda kitu hana budi kukijua tangu kilipozaliwa. Kwenye usukani alikaa Mzungu, au Mhindi mwenye duka au gereji. Mwafrika alikuwa pembeni ya barabara, na alihesabiwa pale tu gari lilipozama.

Kanuni za mwanzo za mchezo huo, hata hivyo, zilikuwa na haki ya aina yake. Gari lilipaswa kuwa kama lilivyotoka dukani. Halikugawanywa kwa ukubwa wa injini kama desturi ya Ulaya, bali kwa bei yake, ili mnunuzi ajue fedha yake ingemfikisha wapi. Njiani palikuwa na vituo vya kugonga muhuri, na kila dakika uliyochelewa kituoni ilikuwa alama moja ya adhabu. Barabara hazikufungwa. Mshindani alikutana na basi la abiria, mkokoteni, ng'ombe wanaorudi zizini, na mtoto aliyetumwa chumvi. Katika miaka ya sitini mzunguko ulifikia takriban kilomita 5,000, ukiendeshwa usiku na mchana wakati wa Pasaka, wakati ambao kila mkulima wa ukanda wetu anajua mbingu huwa zimefunguka.

Mashindano ya kwanza hayakutoa mshindi mmoja wa jumla, lakini waliokuwa na adhabu ndogo kuliko wote walikuwa Alan Dix na Johnny Larsen, ndani ya Volkswagen ndogo ile yenye mgongo wa mviringo. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa gari la aina hiyohiyo, na 1957 Gus Hofmann na Arthur Burton wakarudia. Wenye magari makubwa walistaajabu. Fundi hastaajabu. Injini ya Volkswagen ile ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo uzito uliyagandamiza matairi kwenye tope. Ilipozwa kwa upepo, haikuwa na rejeta ya kupasuka wala bomba la maji la kuchomoka. Chini yake palikuwa bapa kama mtumbwi. Gari la bei nafuu liliwashinda matajiri kwa sababu lilikuwa na vitu vichache vya kuharibika.

Cecil mwenyewe alishinda 1956 akiwa na Tony Vickers ndani ya DKW. Bill Fritschy na Jack Ellis wakashinda 1959 na 1960 kwa Mercedes-Benz 219. Mwaka huo wa 1960 jina la kutawazwa likaondolewa, yakaitwa East African Safari Rally. Malkia alikuwa ameshazoea taji lake, na bendera zake zilikuwa karibu kushushwa huku kwetu: Tanganyika Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Nchi tatu mpya ziliurithi mchezo huu pamoja na reli, posta na madeni. Ulibaki kuwa moja ya mambo machache yaliyozikusanya nchi hizo tatu kwenye barabara moja kila mwaka.

Hapo ndipo mimi na wenzangu tulipoanza kuwa na akili ya kufuatilia. Redio ilikuwa moja pale kwenye kambi ya shamba la mkonge, ya mnyapara, nayo iliwekwa dirishani nyakati za Pasaka ili watu wasikie. Nani yuko mbele, nani amevunja ekseli, nani amezama. Baba alisikiliza kama wengine wanavyosikiliza mpira. Lori lake lilikuwa Bedford, nalo lilipita barabara zilezile mwaka mzima likiwa na marobota ya katani, bila redio kumtaja. Alizijua kona za Mombo, alijua pale mto unapokula ukingo, alijua mahali ambapo udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huwa kama sabuni. Madereva waliotoka kaskazini walimwambia habari za Magara, ule mteremko wa Mbulu wa kuuma meno, ambao mashindano yaliupanda gari moja moja huku wanakijiji wakisubiri na kamba. "Gari halishindani na gari," alikuwa akisema. "Linashindana na njia. Hao wengine ni wasafiri wenzake tu."

Mwaka 1963 ulimthibitishia maneno yake. Yaliondoka magari 84, yakarudi 7. Mshindi alikuwa Nick Nowicki, mzaliwa wa Poland aliyehamia Kenya, pamoja na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Miaka mitano baadaye, Pasaka ya 1968, mvua ilirudi kwa hasira zaidi. Yaliondoka magari zaidi ya 90, na yaliyofika yalikuwa tena 7. Washindi wakawa tena Nowicki na Cliff, na gari likawa tena Peugeot 404. Mtu anaweza kusema mara moja ni bahati. Mara mbili, katika mafuriko mawili, ni ujuzi.

Wageni walikuja na fedha nyingi na sifa kubwa. Wamarekani walileta Mercury Comet zenye injini nzito, timu nzima na spea zake, zikatawanyika njiani. Erik Carlsson wa Uswidi, dereva mashuhuri mwenye mwili mkubwa na Saab ndogo, alikuwa anaongoza 1963 alipomgonga muhanga usiku, yule mnyama anayechimba vichuguu vya mchwa, na safari yake ikaishia hapo. Mwaka 1964 alirudi na Gunnar Palm. Saab yao ilipozama topeni waliibingirisha, matairi juu, paa chini, mpaka ikasimama tena kwa miguu yake penye udongo mgumu. Waandishi walipokataa kuamini, Carlsson aliibingirisha tena mbele yao. Alimaliza wa pili. Pat Moss, mwanamke wa Kiingereza, alikuwa ameshika nafasi ya tatu 1962 pamoja na Ann Riley, naye kwa Saab, akiwaacha nyuma wanaume wengi. Wote hao walikuwa madereva wa kweli. Lakini kushinda, hapana. Kuanzia 1953 hadi 1971, kwa Safari kumi na tisa, hakuna aliyetoka ng'ambo akachukua ushindi wa jumla. Walioshinda walikuwa watu wanaoishi huku.

Naulizwa na vijana: kwani siri ilikuwa nini? Nawajibu kwa kuwaonyesha difu. Katika kona ya gereji yangu ipo difu ya Peugeot 404 niliyoihifadhi tangu gari lake lilipokufa. Magari mengi yana krauni na pinioni, meno kwa meno. Ya 404 ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba, taratibu, kwa utulivu, nayo inavumilia. Propela yake inakwenda ndani ya bomba lililofungwa, kwa hiyo jiwe haliigusi na tope haliingii. Springi zake ni ndefu na laini, gari linainama na kuinuka kama ngamia badala ya kuruka kama mbuzi. Mfaransa aliyeibuni hakuwa na habari za Korogwe. Lakini aliyeichagua kwa ajili ya Korogwe alijua anachokichagua, na aliyekaa kwenye usukani wake alijua wakati wa kuinua mguu. Huko ndiko wenyeji walikowazidi wageni. Mgeni alikanyaga mafuta kwa sababu njia imenyooka. Mwenyeji aliinua mguu kwa sababu aliona majani ya kando yameinama, akajua mbele pana maji.

Mwaka 1965 Joginder Singh, kalasinga aliyezaliwa Kericho na kukulia kwenye spana, alishinda pamoja na mdogo wake Jaswant. Gari lao, Volvo PV544, lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano kabla hawajalipata, na wao walilifungua, wakalifunga upya. Walitoka wa kwanza, namba 1 mlangoni, njia ikiwa bado haijachafuliwa na wengine, na wakamaliza wa kwanza. Pale Korogwe mafundi wa Kihindi waligawa peremende. Nilikuwa mmoja wa watoto waliozipata, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mtu mwenye mafuta ya grisi kwenye kucha anaweza kutajwa redioni. Joginder alishinda tena 1974 na 1976, hivyo akawa wa kwanza kufikisha ushindi mara tatu. Watu wakamwita Simba wa Kenya.

Kisha ikaja zamu yetu. Pasaka ile ya 1966, niliyoanza nayo, ilichukuliwa na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa anaishi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1967 wakashinda tena kwa 404 ya sindano, ile inayopuliziwa petroli badala ya kutumia kabureta. Mwaka huo ulikuwa wa mambo mazito: Februari tulipata Azimio la Arusha, na Desemba Jumuiya ya Afrika Mashariki ikazinduliwa. Katikati yake gari kutoka Dar es Salaam lilizishinda Nairobi na Kampala kwa mara ya pili mfululizo. Vijana wangu hushangaa nikiwaambia. Sijui kwa nini jambo hilo halikuwekwa kwenye vitabu vya shule pamoja na medali za wanariadha wetu.

Najua hoja itakayokuja: Shankland alikuwa Mzungu. Ndiyo, alikuwa Mzungu. Nami sitaki kupaka rangi kisichokuwa na rangi hiyo. Lakini gari halifungwi na mtu mmoja. Mshindani alihitaji kubadilishiwa springi, kuongezewa mafuta, kupewa tairi na chai ya moto, kisha aondoke kabla dakika hazijamla. Waliofanya kazi hizo, waliolala juu ya magunia kando ya barabara wakisubiri mlio, walikuwa mafundi na mataniboi wa mijini mwetu. Waliokuwa topeni usiku, wakikata matawi na kuyatandika chini ya matairi, walikuwa wakulima na manamba wa mkonge. Katika orodha za matokeo kuna safu mbili za majina, dereva na msomaji ramani. Safu ya tatu haikuchapwa.

Ninaijua safu hiyo kwa sababu nimeishi ndani yake. Baba hakupata kumwona dereva hata mmoja mchana. Hata hivyo, kila mwaka wiki moja kabla ya Pasaka, yeye na wenzake walikwenda kuziba mashimo mabaya zaidi karibu na kambi kwa mawe na machicha ya katani, bila kulipwa, ili wapitao wasivunjike. Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Mtu akivunjikia mlangoni kwako, aibu ni yako."

Mashindano yakaendelea kukua. Ford ilishinda 1969 kwa mikono ya Robin Hillyar na Jock Aird. Datsun ikaingia, na Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda 1970 na 1971. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam, na mwaka huohuo ndipo ngome ilipobomoka: Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm, yuleyule aliyekuwa na Carlsson katika Saab ya 1964, wakashinda kwa Ford Escort. Wakawa wa kwanza kutoka ng'ambo. Nilikuwa na miaka 18, mwanafunzi wa gereji Tanga, na nakiri niliumia. Lakini nilimheshimu Palm. Alirudi mara baada ya mara hadi njia ikamfundisha. Aliyekubali kufundishwa na njia si mgeni tena.

Mwaka 1973 shirikisho la kimataifa lilianzisha ubingwa wa dunia wa rali, na Safari yetu ikawekwa ndani yake tangu mwaka huo wa kwanza. Shekhar Mehta na Lofty Drews, ndani ya Datsun 240Z, walimaliza wakiwa sawa kwa alama na Harry Källström wa Uswidi. Kilomita maelfu, siku na usiku, na adhabu zikalingana. Kanuni ya kuwatenganisha waliolingana ikampa Mehta ushindi. Fikiria alikokuwa ametoka: alizaliwa Uganda, katika familia ya wenye mashamba ya miwa, na mwaka mmoja tu kabla Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia. Alifika Kenya, akaendesha, akashinda. Aliendelea hadi akafikisha ushindi mara tano, na hakuna aliyemzidi.

Kuanzia 1974 njia ilibaki ndani ya Kenya na jina likafupishwa kuwa Safari Rally. Halafu Jumuiya ikavunjika 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Pasaka ya Korogwe ikawa kimya. Baba aliendelea kutoka nje usiku ule kwa miaka miwili mitatu, akasimama kidogo barazani, akarudi ndani. Hatukumsemesha.

Mimi nilifika Mpanda 1978. Nilipanda treni Tabora, tukaacha reli kuu Kaliua, tukaingia kwenye tawi la kusini, reli iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Nililetwa kutunza magari yaliyohudumia makazi ya wakimbizi wa Kirundi: Katumba, yaliyokuwapo tangu 1973, na Mishamo, yaliyoanzishwa mwaka uleule niliofika. Siku ya kwanza nilipoiona barabara wakati wa mvua, ule udongo mweusi wa mbuga unaobeba gari kiangazi na kulimeza masika, nilijua niko darasani kwa baba tena. Mashindano hayakupata kufika huku, lakini kila dereva wa Mpanda aliyapitia mwenyewe, kila mwaka, bila namba mlangoni.

Masika ya 1979 tulitumwa kupeleka chanjo Mishamo. Zilikuwa ndani ya kasha la barafu, na barafu haimngoji mtu. Nilikuwa fundi, si dereva, lakini dereva alishikwa na homa, nikashika usukani wa Landrova. Nilikwenda kama redio ya Korogwe ilivyonifundisha: taratibu penye kunyooka, macho kwenye majani ya pembeni, mguu juu kabla ya maji. Hata hivyo usiku ukatukuta tumezama hadi kwenye ekseli. Tukafunga minyororo, ikazunguka bure. Nikazima injini ili mafuta yasiishe, nikawasha taa, tukasubiri.

Walikuja wakiwa na majembe na mapanga. Hatukuwaita. Waliona taa ambayo haisogei, wakajua. Walikata matawi, wakayatandika, wakachimba mfereji wa kutoa maji chini ya tumbo la gari, kisha wakaweka mabega. Kijana mmoja alisimama nyuma kabisa ya gurudumu. Nikasikia sauti yangu ikimwambia, "Hapo usisimame, njoo pembeni," kwa lafudhi ya baba yangu. Gari likachomoka. Kabla sijaondoka nilitoa kichwa dirishani nipaze shukrani, kama yule mtu wa 1966, na mdomo ukakataa. Nilizima injini nikashuka. Nikachukua daftari la kuandikia mafuta, nikawauliza majina, mmoja mmoja, nikayaandika kwa mwanga wa taa za gari. Walikuwa 17. Hatukupoteza zaidi ya dakika kumi, na kasha lilifika Mishamo barafu ikiwa bado imo.

Sasa lami imefika Mpanda, kutoka Sumbawanga na kutoka Tabora. Vijana wangu hawakujua mnyororo wa tairi ni kitu gani mpaka nilipowaonyesha. Naifurahia lami kwa moyo wote. Mgonjwa hufika hospitali, mahindi hufika sokoni. Tangu 2021 Safari Rally imerudi kwenye ubingwa wa dunia, kule Naivasha, nami huketi na vijana wangu kuitazama. Magari yake ni ya ajabu na madereva wake ni hodari. Lakini njia zake sasa hufungwa, vipande vyake ni vifupi, na watazamaji husimama nyuma ya kamba. Ukizama, inakuja mashine. Hilo ni sawa kwa usalama wa watu. Mimi nataka tu wajue kwamba palikuwa na wakati ambapo mashindano ya dunia yalitegemea watu waliotoka kitandani mvua ikinyesha.

Daftari lile la mafuta ninalo bado, na baada yake yalijaa mengine mawili. Kila aliyewahi kulisukuma gari nililokuwa nikiliendesha, Karema, Inyonga, Sitalike, Mishamo, ameandikwa humo, jina na mahali na mwaka. Ukurasa wa kwanza kabisa niliuacha wazi kwa miaka mingi, kisha nikaujaza kwa kukumbuka. Juu nimeandika: Korogwe, Pasaka 1966. Tulikuwa watu kama ishirini usiku ule, na nimeweza kuyapata majina saba tu. La baba ni la kwanza. La mwisho ni langu.